Kitanda cha Pembea Kining'inizwe Wapi?

Katika toleo hili safu ya Maswali na Majibu imetengwa kwa jambo moja tu, kwa sababu barua tulizopokea kuhusu kitanda cha pembea cha barazani zimezidi barua za mambo mengine yote. Tumechagua nne, na tumezifupisha kidogo bila kubadili maana yake.

SWALI: *Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Tanga. Nilipokwenda Lamu kwa ajili ya Maulidi nilikaribishwa katika nyumba moja ya Shela ambako barazani palining'inizwa kitanda kwa kamba nne, nikalala juu yake alasiri nzima nikipigwa na upepo. Tangu siku hiyo sina raha mpaka nipate changu. Baraza langu lina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, paa ni la bati, na kenchi ni za mbao za inchi 2 kwa 4. Ninalo godoro la futi 3 kwa 6 ambalo halina mlalaji tangu watoto waondoke. Seremala ameniambia kwamba atafunga kamba kwenye kenchi na kazi itakwisha kwa siku moja. Je, nimruhusu? Na kitanda chenyewe kitengenezwe kwa mbao gani?*

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kwa swali lako la kwanza jibu ni hapana, usimruhusu, hata akikuonyesha nyumba tatu ambako amefanya hivyo na hakuna kilichoanguka. Kenchi za baraza zimepigwa misumari ili zibebe bati, zihimili upepo unaolisukuma bati hilo, na pengine zimshike fundi mmoja anayepanda kuziba tundu. Mbao za chini za kenchi, ambazo ndizo seremala wako anazitazama, kazi yake hasa ni kuvuta pande mbili za paa zisitawanyike. Hazikukusudiwa kuvutwa chini katikati na watu wanaobembea. Msumari nao hushika vizuri unapokatwa kwa ubavu lakini hushika vibaya unapong'olewa kwa urefu wake, na kitanda cha pembea hufanya kazi hiyo ya kung'oa mchana kutwa, kidogo kidogo.

Wengi hukosea katika hesabu ya mzigo. Mtu wa kilo 75 akilala kimya ni kilo 75. Akibembea kwa nguvu mpaka kamba ifike digrii 60 kutoka wima, kila anapopita chini huivuta kamba kwa nguvu iliyo sawa na maradufu ya uzito wake. Hakuna mzee anayebembea hivyo, lakini wajukuu watabembea siku ambayo haupo. Ukijumlisha kitanda, godoro na watu wazima wawili unakaribia kilo 250, na mimi ningejenga kana kwamba mzigo uliotulia ni kilo 300, kisha ningetaka kila kiungo kihimili mara kadhaa zaidi ya hapo.

Kwa baraza la upana wa futi 6 suluhisho si gumu. Mwambie fundi aweke mihimili miwili ya mbao ngumu, ya inchi 2 kwa 6 au 3 kwa 6, iliyosimama kwa ubavu wake mwembamba, ikivuka kutoka ukutani hadi kwenye linta ya zege iliyo juu ya nguzo za mbele. Upande wa ukuta mhimili uingie katika tundu lililochongwa kwenye linta au ukae juu ya kibebeo cha chuma kilichofungwa kwa bolti; upande wa mbele ukae juu ya linta na ufungwe usiteleze. Kwa nafasi fupi kama hiyo mbao ya mninga au mkongo itabeba mzigo huu bila hata kupinda kwa namna inayoonekana. Kenchi zako zitabaki juu na kazi yao ya zamani, na pembea haitazigusa. Iwapo mbele hakuna linta ya zege bali nguzo za miti zilizopigwa ubao juu, basi achana na paa kabisa na usome jibu linalofuata, ambamo nimeeleza fremu inayojitegemea.

Juu ya mihimili hiyo, pitisha bolti zenye pete kichwani, za unene wa milimita 12, zikitoboa mhimili kutoka chini hadi juu, na juu yake weka washa pana na nati mbili. Usikubali kulabu za kukaza kwa mkono zinazouzwa kwa ajili ya vyungu vya maua. Bolti inayopita moja kwa moja haiwezi kutoka mpaka mbao yenyewe ipasuke, ilhali kulabu yenye meno hushikwa na nyuzi chache tu za mti, na nyuzi hizo hulegea kila masika na kila kiangazi.

Sasa tuje kwenye kitanda, ambacho kwa kweli ni sehemu rahisi. Litengenezee godoro lako mifumbati miwili (mbao za ubavuni) na vitakizo viwili (mbao za kichwani na miguuni) vya mbao za 2 kwa 6, ukiacha nafasi ya inchi moja zaidi ya godoro kwa urefu na kwa upana ili shuka liweze kuchomekwa. Kwenye pembe, ulimi wa mfumbati uingie katika tundu la kitakizo, utiwe gundi na kigingi. Ukitumia skrubu peke yake kitanda kitaanza kulia kabla ya mwaka kwisha, na hakuna usingizi juu ya kitanda kinacholia. Matendegu, yaani miguu ya kitanda, hayahitajiki, ingawa mimi hupenda kubakiza vijitendegu vya inchi 4 ili siku ya kubadilisha kamba kitanda kisilale sakafuni. Chaga 12 (vibao vya kulazia godoro) za ubao wa 1 kwa 4, zikipangwa kwa nafasi ya inchi mbili kati yake, zinatoka katika mbao tatu za futi 12.

Siri ya kitanda hiki iko chini ya mifumbati. Usifunge kamba kwenye mfumbati wala kwenye pembe. Chukua mbao moja ngumu ya 2 kwa 4 yenye futi 12, ikate vipande vitatu vya futi 4, uvilaze kukingama chini ya kitanda, kimoja karibu na mchago (upande wa kichwa), kimoja karibu na miguu na cha tatu katikati. Vile viwili vya mchagoni na miguuni vitazidi upana wa kitanda kwa inchi tatu hivi kila upande, na katika ncha hizo ndimo kamba zitakamopita na kufungwa kwa chini. Kwa njia hii kitanda kinakalia mbao hizo kama mtungi unavyokalia kata. Hakuna skrubu inayovutwa, na hata gundi yote ikiachia bado hutaanguka.

Kuhusu aina ya mbao, mvule na msaji hustahimili mvua na mchwa kuliko nyingi, mninga ni mwepesi kuchongeka na hautanuki sana, na mkongo, ambao wengine huuita mbambakofi, ni mzito lakini hudumu. Ndio uliochongewa milango mingi ya mwambao. Msonobari na saiprasi zinatosha kwa chaga, mradi zimetiwa dawa. Jambo la kuchunguza dukani ni ukavu zaidi kuliko jina. Mbao nyingi huuzwa zikiwa bado na maji, na kitanda kilichoungwa kwa mbao mbichi hujinyonga chenyewe zinapokauka. Zipange ndani kwa vipande vya kutenganisha na uzisubiri wiki kadhaa. Kwa kupaka, mafuta ya kitani yanatosha ikiwa utarudia kila mwaka, na vanishi ya mashua inafaa zaidi kwa baraza linalotazama bahari. Aliyenishauri nitumie mafuta ya sifa, yaani ya papa, kama ya majahazi alikuwa na nia njema, lakini mgeni wa kwanza aliuliza papa amekaangwa wapi.

Ning'iniza kitanda ili sehemu ya juu ya godoro iwe sentimita 50 hivi kutoka sakafuni, kimo ambacho mtu mzima anakaa na kunyanyuka bila kusaidiwa. Kamba zote nne zisimame wima, yaani umbali kati ya bolti za juu uwe sawa na umbali kati ya matundu ya chini. Wako wanaopenda kuzikusanya kamba za kila upande kwenye kulabu moja kwa sababu zinapendeza machoni. Kitanda cha namna hiyo huinama mara tu mtu anapokaa ukingoni, kwa kuwa kinatafuta kuuweka uzito wake chini ya kulabu ile moja, na kikombe cha chai kilichokuwa juu ya sinia hufuata. Isitoshe, kamba zikilala sana mzigo huongezeka: kamba mbili zilizosimama wima hugawana uzito nusu kwa nusu, lakini zikilala hadi digrii 30 kutoka mlalo kila moja hubeba uzito mzima.

Kwa upana wa baraza lako kitabaki kiasi cha sentimita 30 kila upande, kwa hiyo bembea kwa kuelekea mchago na miguuni, ambako una nafasi zaidi ya mara mbili ya hiyo. Ukipata kamba yenye urefu wa mita 2 na kidogo, mwendo mmoja wa kwenda na kurudi utachukua karibu sekunde tatu, na huo ndio mwendo wa usingizi. Kamba fupi huharakisha, na pembea ya haraka humchosha mtu.

Kabla hujalala, weka matofali chini ya kitanda yakiacha upenyo wa sentimita tano, kisha pakia mifuko sita ya saruji ya kilo 50 na uiache usiku kucha. Asubuhi tazama bolti, tazama mihimili pale inapokalia linta, na upime kama kitanda kimeshuka. Kikishuka kidogo ni kamba inajinyoosha, ambalo ni jambo la kawaida. Ukiona ufa kwenye zege au mbao, shusha.

SWALI: *Ninapanga ghorofa ya tatu mjini Mombasa. Roshani yangu ina dari la zege, na tayari kuna kulabu mbili za feni zilizoachwa na mpangaji aliyepita. Je, ninaweza kuzitumia? Fundi mwingine amependekeza atoboe matundu manne na kupachika bolti kwa gundi ya epoksi.*

JIBU: Ndugu msomaji, kulabu ya feni iliwekwa kwa ajili ya chombo chepesi ambacho mwanadamu hakilalii. Nyingine zimefungwa vizuri kwenye nondo, nyingine zimechomekwa baadaye na kuzibwa kwa plasta, na ukiwa umesimama chini huwezi kuzitofautisha. Ziache.

Kuhusu epoksi nitakueleza kisa kimoja. Mwezi Julai mwaka 2006, katika handaki la barabara mjini Boston, Marekani, vibamba vya zege vya dari vilianguka juu ya gari na kumuua abiria mmoja. Wachunguzi waligundua kwamba bolti zilizoshikilia dari zilikuwa zimegundishwa kwa epoksi ya aina isiyofaa kubeba mzigo wa kudumu. Ilikuwa ikijivuta polepole, siku baada ya siku, mpaka ikaachia. Zipo epoksi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, nazo huwa na maelezo ya mtengenezaji kuhusu kina cha tundu, namna ya kulisafisha na muda wa kusubiri, lakini fundi anayekupendekezea gundi bila kukutajia ni ipi hajakupendekezea kitu. Zaidi ya hayo, dari nyingi za ghorofa za siku hizi hazikumiminwa zege tupu, bali zina matofali yenye uwazi ndani kati ya mbavu za zege. Drili ikiangukia kwenye uwazi huo, bolti haina cha kushika.

Kwa kuwa umepanga, na dari si lako, ningekushauri utengeneze fremu inayosimama yenyewe. Nguzo nne za inchi 4 kwa 4, mihimili miwili ya 2 kwa 6 juu, na mbao mbili chini upande wa mchago na wa miguu ili nguzo zisitawanyike. Jambo moja hapa halina mjadala: kila pembe iwe na mbao ya mshazari. Mraba wa mbao nne hauna nguvu yoyote dhidi ya kusukumwa ubavuni, hujilaza kama kiberiti kilichokanyagwa, na pembea ni kusukuma ubavuni mfululizo. Ukiutia mshazari umekuwa pembetatu, nayo pembetatu haikunjiki. Nyayo za fremu zitoke nje kupita mahali ambapo kitanda hufika kinapobembea, la sivyo fremu itanyanyua mguu. Ukipenda chuma, bomba lililochomelewa linafaa, ila lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla chumvi ya bahari haijalifikia, na ndani ya bomba kusibaki maji.

Anayejenga nyumba yake sasa hivi ana bahati ambayo wewe huna. Siku ya kumimina zege la dari ya baraza, aweke kulabu nne za nondo laini ya mviringo ya milimita 16, zilizokunjwa na kupita juu ya nondo za dari lenyewe. Asitumie zile zenye mistari, kwa sababu chuma chake ni kigumu na hakipendi kukunjwa kwa pembe kali. Gharama yake siku hiyo ni ndogo mno, na gharama ya kuongeza kulabu baadaye nimekwisha kuieleza.

SWALI: *Nipo Pangani. Hapa kamba za mkonge zinapatikana kwa urahisi, lakini jirani yangu anasema kwamba kamba ya plastiki haiozi, na mume wangu anataka minyororo. Tumebishana mpaka kitanda kimekaa stoo miezi mitatu.*

JIBU: Bibi, ni vigumu kumnyima mtu wa Pangani kamba ya mkonge. Miche ya mkonge iliyoletwa na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893 ilipandwa Kikogwe, karibu na hapo mlipo, na inasemekana iliyopona safarini ilikuwa 62 tu. Kamba mpya ya mkonge ya milimita 20 huhitaji zaidi ya tani mbili kuikata. Ukichukua sehemu moja ya kumi ya hizo kuwa mzigo wa halali, kama inavyopaswa pale panapolala watu, kila kamba itabeba kilo 200 na kamba nne zitawatosha. Tatizo lake ni maji. Mkonge unaolowa na kukauka mara kwa mara huoza kutoka ndani, hasa ndani ya fundo ambako hakuna jua wala upepo, na kwa nje unaweza kuonekana mzima. Kama baraza lenu halifikiwi na mvua ya kusi, tumieni mkonge na mbadilishe kila baada ya mwaka mmoja au miwili bila kusubiri ukatike.

Jirani ana haki nusu. Kamba ya plastiki haiozi, lakini jua huila. Zile za buluu na kijani ambazo madukani huitwa manila, ingawa hazina hata uzi mmoja wa ule mgomba wa Ufilipino uliozipa jina, hugeuka unga mkononi baada ya kuanikwa muda mrefu. Nailoni ni imara lakini hunyooka, na mtakuwa mnakaza kila wiki. Kwa kamba za viwandani ningechagua poliesta ya milimita 16, inayouzwa kwa watu wa mashua. Hainyooki sana na hulistahimili jua vizuri zaidi kuliko wenzake.

Kwa minyororo, mume wako hajakosea. Katika nyumba za Gujarat, ambako pembea ya ndani ni kiti cha heshima, huning'inizwa kwa minyororo ya shaba iliyonakshiwa, na hudumu miaka na miaka. Mnyororo wa chuma wa milimita 8 uliopakwa zinki unatosha kabisa kwa uzito. Unapiga kelele, unachoma mkono adhuhuri, unabana vidole vya watoto, na katika hewa ya chumvi zinki hiyo huisha. Njia ya kati, ambayo pengine itamaliza ubishi, ni kipande kifupi cha mnyororo juu, mahali pa msuguano na pa kurekebisha kimo pingili kwa pingili, kisha kamba kuanzia hapo hadi kitandani, mahali ambapo mkono hushika.

Mkifunga fundo, kumbukeni kwamba fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingine hadi karibu nusu. Mabaharia wa hapo hawafungi fundo kwenye kitanzi cha kudumu. Husuka ncha ya kamba kurudi ndani ya mwili wake. Mtafuteni mzee mmoja wa bandarini awafanyie vitanzi vinne, na ndani ya kila kitanzi muweke pete ya chuma yenye mfereji ili kamba isisagwe na mnyororo.

SWALI: *Nyumba yetu ni ya zamani, ipo Mji Mkongwe, Zanzibar, na dari za kumbi zake ni za boriti. Tunataka kitanda cha pembea katika ukumbi unaotazama uwani. Boriti hizi zimebeba ghorofa nzima kwa zaidi ya miaka mia. Bila shaka zitabeba na kitanda?*

JIBU: Boriti zenu zimebeba ghorofa nzima, na hiyo ndiyo sababu ya kutoziongezea. Juu ya kila boriti ya mkoko pamelazwa mawe ya matumbawe na chokaa nzito, na mti huo haukuwahi kupewa nafasi ya kupumzika tangu ulipowekwa. Tena mkoko haufi katikati unakoonekana. Hufia ndani ya ukuta, kwenye ncha zake, pale ambapo maji ya paa linalovuja hujikusanya. Boriti inaweza kuwa nyeusi, ngumu na ya kupendeza machoni huku kichwa chake kimekuwa kama tambuu iliyotafunwa. Kutoboa tundu la bolti katika boriti kama hiyo, au hata kuizungushia kamba na kuitikisa kila siku, ni kuilegeza mahali ilipobaki kushika. Na kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kugusa muundo wa nyumba kunahitaji kwanza ruhusa ya mamlaka inayouhifadhi mji.

Tumieni fremu niliyomweleza msomaji wa Mombasa, na katika nyumba yenu haitaonekana ngeni hata kidogo, kwa kuwa samadari tangu hapo lilikuwa kitanda chenye nguzo nne ndefu. Mchongaji akizitia nguzo nakshi na kuificha mishazari nyuma ya ubao wa kuchonga, mgeni atadhani ni samadari la urithi mpaka atakapokaa juu yake na kuona linaondoka.